Je, Uko Uongo Ulio Mdogo?

Katika mambo ambayo walimu wa maadili wameyajadili karne kwa karne, liko moja ambalo kila mzazi hukutana nalo nyumbani mwake kabla hajasoma kitabu cho chote: Je, uko uongo ulio mdogo hata usimdhuru mtu? Mtoto avunja kikombe na kusema ni paka. Baba amtuma mwanawe mlangoni akamwambie mdai kwamba hayupo. Mzee ajipunguzia miaka mbele ya vijana. Hao wote tumezoea kuwasamehe kwa kicheko. Mimi nami nilikuwa katika hesabu ya wenye kucheka, mpaka siku nilipopanda eropleni kwa mara ya kwanza, nikiwa na umri wa miaka 61.

Safari zangu za kwenda Mafia, ambako mpwa wangu anafundisha shule, nilizifanya siku zote kwa basi mpaka Nyamisati, kisha kwa chombo mpaka Kilindoni, nikilowa na kutapika pamoja na wenzangu. Safari hii watoto walichanga nauli, wakasema, "Baba, mara hii utaruka." Basi nikafika kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam mapema mno, kama afanyavyo mtu mgeni wa jambo, nikiwa na begi langu na kifurushi kimoja kilichofungwa kwa kanga.

Kifurushi hicho ndicho chanzo cha habari yote. Ndani yake mlikuwa na misumari, bawaba jozi sita na vitasa viwili kwa ajili ya nyumba anayojenga mpwa wangu. Kilo 9 kamili kwa mizani ya mwenye duka. Vitu hivyo hupatikana Kilindoni pia, walakini mtu aliyelelewa katika miaka ya dhiki hawezi kulipa bei iliyopanda asiumwe na moyo. Kanuni ya ndege ile ilikuwa kilo 15 za mzigo kwa kila abiria, na begi langu peke yake lilikuwa kilo 14 na nusu. Kwa hiyo begi nililiweka juu ya mizani, na kifurushi nikakibana kwapani chini ya koti, nikasimama kama mtu aliyekumbatia kitabu cha sala.

Karani, binti mwenye adabu, akaniamkia, kisha akauliza, "Baba, na wewe mwenyewe una kilo ngapi?"

"Sabini na mbili," nikamjibu.

Hizo zilikuwa kilo zangu mwaka nilipooa. Wiki mbili kabla ya safari, mizani ya hospitali ilikuwa imenionyesha 84, na mganga alinisema juu ya ugali wa usiku. Uongo wa kifurushi naweza kuueleza: ulikuwa ubahili. Ule wa pili hata leo sijui nilitaka kupata faida gani kwa binti wa watu. Ulitoka tu, kama utokavyo kwa mtu aliyezoea. Akaandika 72, nami nikaenda zangu kuketi.

Wale ambao hawajapanda ndege ndogo yafaa niwaeleze jinsi ilivyo. Ilikuwa aina ya Cessna Caravan, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1982, na sasa yaonekana katika viwanja vingi vya nchi yetu, hata vile vya vumbi. Ina injini moja puani, na mbele ya injini rafadha, yaani yale mapanga yazungukayo na kuivuta ndege hewani. Bawa lake limepita juu ya mwili, miguu yake haikunjwi, na ndani abiria hukaa kama katika gari la abiria la shamba, magoti yakigusana. Siku ile tulikuwa 12. Ndege nzima, chuma chake, mafuta yake, watu na mizigo, hairuhusiwi kuondoka chini ikiwa imezidi kilo 4,000 hivi, na zaidi ya nusu ya hizo ni ndege yenyewe.

Rubani alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Nilimtazama akiizunguka ndege yake polepole, akipitisha kiganja juu ya ncha za rafadha, akiyatikisa mabawa madogo ya mkiani. Chini ya bawa alikinga mafuta kidogo katika kikombe cheupe, akakiinua juani. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akitafuta maji: maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini ya kikombe, na injini haiwezi kuyachoma. Nyuma, vijana wa mizigo walikuwa wameweka gongo la chuma chini ya mkia, ili ndege isije ikakalia mkia wakati wa kupakia. Ni jambo lile lile la baiskeli iliyofungwa gunia la mkaa nyuma, gurudumu la mbele likainuka na mwendeshaji akawa hana usukani. Ndege ndogo haiulizi tu mzigo ni kilo ngapi. Yauliza pia umekaa wapi.

Tulipokwisha kuketi, mimi katika kiti cha nyuma kabisa, rubani akasimama mlangoni na karatasi yake, akijumlisha. Ilikuwa karibu saa saba mchana. Akatuambia kwa upole kwamba wingu la mvua lilikuwa likizunguka Mafia, kwa hiyo ameongeza mafuta ya kumwezesha kurudi Dar es Salaam endapo kiwanja kitazibwa; mafuta ni uzito, na hesabu imepita kidogo. Lazima begi moja lishuke, lije na ndege ya kesho. Lililokuwa karibu na mlango lilikuwa la mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga, kilo 13. Yule mama hakugomba. Alisema tu, "Haya, lakini nepi zake zimo humo."

Begi likashushwa. Mimi nilikuwa nimekikalisha kifurushi changu juu ya mapaja, chini ya koti, nacho kikaanza kunichoma.

Hapa, msomaji, nataka tusimame, kwa maana ndipo swali letu lilipo. Mtakatifu Augustino wa Hippo aliandika vitabu viwili juu ya uongo peke yake. Aliupanga katika namna nane, na hakukubali hata namna moja kuwa ni halali. Mtakatifu Thomas wa Akwino, miaka mia nane na zaidi baadaye, aliutenga uongo wa kudhuru na ule wa kusaidia na ule wa mzaha, akasema kwamba haulingani uzito, ingawa wote ni uongo. Nilipokuwa kijana niliona Augustino kuwa ni mkali kupita kiasi, na kwamba Thomas ametuachia mlango. Uongo wangu, nilijiambia, si wa kudhuru. Nani ataumia kwa sababu ya misumari?

Walakini katika kiti kile cha nyuma nikagundua kwamba sikuwa na haki ya kusema hivyo, wala sikuwa na njia ya kujua. Ukubwa wa uongo wangu haukuwa mikononi mwangu. Ulitegemea mambo ambayo sikuyaona: mafuta yaliyoongezwa, joto la mchana, wingu la Mafia, na hasa mambo waliyoyasema abiria wengine kumi na mmoja kwa karani yule yule. Nikapiga hesabu. Kilo 12 za mwili nilizozificha, na 9 za kifurushi, jumla 21. Kama kila mmoja wetu amefanya kama mimi, akidhani kwamba ni yeye peke yake, ndege hii imebeba kilo 252 zisizoandikwa mahali po pote. Hao ni watu watatu wenye uzito wangu wa kweli, wameketi miongoni mwetu bila viti na bila tiketi. Asemaye uongo mdogo hujipa kazi ya hakimu wa udogo wake, naye ni mtu mmoja tu katika ndege, asiyeijua jumla. Aijuaye jumla ni rubani, naye amekwisha kudanganywa.

Pengine utanijibu kwamba mafundi wa ndege si wajinga. Wameacha nafasi ya usalama, na kilo 20 au 30 haziangushi ndege. Ni kweli. Nafasi hiyo ipo, na pengine tungalifika salama bila neno. Lakini nafasi ile yawekwa kwa ajili ya nini? Yawekwa kwa ajili ya yale asiyoweza mtu kuyajua kabla: upepo unaogeuka ghafula, hewa inayoshuka chini ya wingu, injini iliyopungukiwa na nguvu. Ni akiba ya watu wote waliomo, pamoja na yule mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nimeichota kwa siri kwa ajili ya jambo nililolijua vizuri kabisa. Mtu atumiaye akiba ya kijiji kwa sababu hakuna njaa mwaka huu, hajasemwa kuwa mwema kwa kuwa mvua ilinyesha.

Nasi tunayo mifano ya kutosha ya mwaka ambao mvua haikunyesha. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, ndege ya abiria yenye rafadha mbili, aina ya Beechcraft 1900, ilianguka mara tu baada ya kuruka, wakafa watu wote 21 waliokuwamo. Wachunguzi waliona mambo mawili yaliyokutana. Nyaya za chuma ziongozazo usukani wa mkiani zilikuwa zimerekebishwa vibaya karakanani siku mbili hivi kabla, hata rubani asiweze kuishusha pua ya ndege kadiri ilivyompasa. Tena ndege ilikuwa nzito kuliko kiasi, na uzito umeelemea nyuma. Wala marubani wale hawakudanganya. Walimhesabu kila abiria kwa kilo za wastani zilizokubaliwa na serikali, ila wastani ule ulikuwa wa zamani: watu walikuwa wamenenepa, karatasi haikunenepa. Baada ya msiba huo abiria walipimwa upya huko, na makadirio yakapandishwa. Ikiwa uongo ambao hakuna aliyeusema waweza kushiriki katika kifo cha watu 21, niliona haya kuutetea ule niliousema kwa kinywa changu.

Hapa kwetu hatuna haja ya kutazama mbali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakapotea mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kuchukua abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa. Si haki kuwalaumu marehemu, nao walikuwa wakienda sokoni na makwao kama mimi niendavyo. Wenye madaraka ya kuhesabu ndio waliopaswa kuhesabu. Lakini ni nani kati yetu aliye hai ambaye hajapata kuingia katika chombo kilichojaa, akajisemea, "Mimi ni mmoja tu"? Hakuna chombo kinachozama kwa watu mia mbili. Kinazama kwa mmoja tu, na mmoja tu, na mmoja tu.

Basi nikanyosha mkono kama mtoto wa shule. Nikasema, "Mwanangu, mimi nina kilo 9 hapa ambazo hazikupimwa. Tena mimi si 72. Ni 84."

Watu waligeuka. Nimepata kusimama mbele ya hakimu nikiwa shahidi, sikuona joto usoni kama lile. Rubani hakunikemea. Akatoa kalamu, akasema, "Ahsante, mzee wangu. Kuna mwingine?" Kwa muda hakikusikika kitu. Kisha mfanyabiashara mmoja wa makamo, aliyekuwa mbele yangu, akashusha pumzi, akavuta kutoka chini ya miguu yake mfuko wa vipuri vya mashine ya boti, kilo 11. Alinitazama kwa hasira ambayo sijaisahau. "Mzee," akasema, "umetuchelewesha bure."

Kifurushi changu na mfuko wake vikashuka. Zikabaki kilo 12 za mwili wangu, ambazo haziwezi kushushwa. Nikaomba lishushwe begi langu mahali pake. Rubani akajumlisha tena, akaona kwamba zimesalia kilo mbili na nusu za halali, akamwita yule mama, akamruhusu afungue begi lake pale chini ya bawa na kuchomoa nepi na kopo la unga wa uji. Begi lenyewe halikuweza kurudi. Sitaki msomaji adhani kwamba kusema kweli kulirudisha mambo mahali pake. Mama yule alifika Mafia bila nguo za mtoto, nami nilifika na shati nililolivaa; mizigo yetu ilifika kesho yake, na nilipolipia kilo zilizozidi, bei ya misumari ikawa imepita ile ya Kilindoni.

Rubani alinihamisha, akaniketisha mbele karibu naye, kwa sababu ya mizani ya ndege na si kwa heshima, ingawa mpwa wangu nilimwambia vingine kwa muda wa siku mbili kabla sijasahihisha. Injini ikalia. Rafadha, niliyokuwa nimeihesabu mapanga yake matatu, ikapotea ikawa kama ukungu mbele ya kioo; yazunguka mara 1,900 kwa dakika, aliniambia kijana. Tukakimbia juu ya lami, kila kitu kikitetemeka, pamoja na meno yangu, kisha mtetemo ukakoma ghafula kama mtu aliyenyamazishwa, na nikaona bati za nyumba za Dar es Salaam zikishuka. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa. Kilichonijia ni wepesi, nami sikuweza kupambanua kama ni wepesi wa ndege au wa mifuko yangu.

Kwa mbali upande wa kulia nikaona delta ya Rufiji, misitu ya mikoko imekatwakatwa na vijito kama kiganja cha mzee. Huko ndiko manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikojificha katika Vita Kuu ya Kwanza, ikaja kuangamia tarehe 11 Julai 1915, Waingereza wakiongoza mizinga yao kwa msaada wa ndege zilizoruka kutoka Mafia. Nilimwuliza kijana kama alijua habari hizo. Alizijua, akaongeza jambo ambalo mimi sikulijua: kwamba ndege za kwanza walizozileta Waingereza zilishindwa kazi, maana hewa ya joto ni nyepesi, haiishiki bawa wala rafadha sawasawa, na vyombo vile dhaifu havikuweza kupanda juu na mzigo wake. "Hewa hii haijabadilika, mzee," akasema. "Siku ya joto, kilo moja huwa zaidi ya moja."

Nikamwuliza kama hukasirika na watu wa aina yangu. Akafikiri, macho yake hayakuondoka kwenye saa za mbele yake. Akasema kwamba hawezi kumfahamu kila abiria, na abiria hawamfahamu yeye. Wamepanda tu kwa kuamini kwamba hakulewa, kwamba amelala usiku, kwamba alipokitazama kikombe cha mafuta alikitazama kweli wala hakujifanya. "Mimi ningeweza kukiinua tu, nisitazame," akasema. "Nani angejua?" Sikupata jibu. Nilikuwa nimedai ukweli kamili kutoka kwa kijana yule, uhai wangu ukiwa juu yake, nami nikampa kilo za mwaka nilipooa.

Wingu lilitupisha. Baada ya nusu saa na kidogo tulishuka Mafia, magurudumu yakagonga mara mbili, na yule mtoto mchanga, aliyelala safari nzima, akaanza kulia.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa njia ile ile. Uwanjani nilipanda juu ya mizani mimi mwenyewe kabla ya kuulizwa, na karani akaandika 85, kwa maana mke wa mpwa wangu ni mpishi hodari. Nyuma yangu alisimama bibi mmoja mwenye kikapu na bahasha kubwa ya pweza mkavu, akanong'ona, "Baba, hebu nifichie hii chini ya koti lako mpaka nipite."

Nikamwambia, "Dada yangu, iweke tu pale juu." Akasita, akanitazama kama mtu aliyekutana na mzee asiye na huruma, kisha akaiweka. Kilo tatu na robo. Pamoja na kikapu, kilo kumi na mbili. Alikuwa na nafasi ya karibu kilo tatu, wala hakuwa na haja ya kuficha kitu.